Sheria Niliyoitunga kwa Sababu ya Kicheko

Nimekosa. Naanza na hilo ili usije ukanihurumia kabla hujajua nilichofanya. Majina nitakayotumia hapa si ya kweli, na langu sitalitaja, kwa sababu hao watu bado naishi nao na bado wananiita mama wa nyumbani kwao.

Kazi yangu ni kupokea simu za dharura. Mtu akiungua na chai ya moto, mama akizidiwa na uchungu, pikipiki ikimwangusha mtu kwenye barabara ya majani chai, simu inalia kwetu. Tunatuma ambulensi na kumshikilia mpigaji kwa maneno mpaka ifike. Huku Kericho na Bomet sisi wapokeaji tuna chama chetu. Si chama cha kugawana faida, ni cha kulinda kazi. Kinatoa mafunzo, kinampa mtu kibali cha kukaa kwenye simu, na ukiharibu kina kamati ya nidhamu. Chama kikikunyang'anya kibali, mwajiri hakuachi uguse simu tena.

Mimi si mzaliwa wa hapa. Nilitoka upande wa ziwa, nikaja kwa mjomba aliyekuwa karani kiwandani, nikaolewa na Mkipsigis, nikazaa. Kikipsigis nakielewa nusu. Ndugu yangu, kuelewa nusu ni mateso. Asiyeelewa kabisa hana habari. Mwenye nusu anasikia jina lake, anasikia kicheko, na ile nusu nyingine anajijazia mwenyewe, na hajazi mazuri.

Asubuhi moja niliingia zamuni nikamkuta Chebet na wenzake wawili. Chebet alikuwa rafiki yangu. Ndiye aliyenifundisha kutulia mpigaji anapopiga mayowe. Walikuwa wanaongea Kikipsigis, nikasikia jina langu, wakacheka mpaka mmoja akalaza kichwa mezani. Nikauliza kuna nini. Wakasema hakuna kitu. Nikavaa hedifoni na sikumsemesha mtu mpaka zamu ikaisha.

Ningemvuta Chebet kando nikamuuliza, yangekwisha palepale. Badala yake nikapeleka hoja kwenye chama.

Mkutano ulikuwa Kapsoit, kwenye ukumbi wa kanisa. Nilisimama nimevaa suti ninayoendea harusi za watu. Nikasema mazungumzo yote ndani ya chumba cha simu yawe ya Kiswahili au Kiingereza, iwe na mwenzako, iwe na mpigaji. Nikatoa sababu. Simu hurekodiwa, msimamizi lazima aelewe, mwenzako lazima aweze kukupokea ikibidi. Kila sababu ilikuwa ya kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa yangu.

Omwenga akaniunga mkono. Huyu ni mwenzetu kutoka Kisii, mtu mnyoofu, anapenda utaratibu kuliko chakula. Wengine wengi waliotoka kwingine kama sisi walikuwa na kidonda kama changu, wakapiga makofi.

Chebet akanyoosha mkono.

"Niko na swali. Na kama ni kogo anapiga simu, nyanya wa huko ndani, hajui Kiswahili, mimi nitamwambia nini?"

Nilimjibu kabla mwenyekiti hajafungua mdomo. "Kenya ya leo nani hajui Kiswahili? Si aitiwe mtoto wa jirani aongee."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilikifurahia sana kicheko kile, maana safari hii kilikuwa upande wangu. Na huku nyumbani, kule Kiptere, nina mama mkwe ambaye Kiswahili kinamshinda! Nilijua. Sikuwa na kisingizio cha kutojua.

Hoja ikapita. Uchaguzi ulipofika wakanipa kiti cha kuongoza kamati ya nidhamu. Walisema mimi ni mama wa msimamo. Chumba cha simu kikawa kimya, watu wakaongea ya kazi tu, nami nikajidanganya kwamba ndiyo heshima.

Kisha ikaja simu kutoka Kiptere. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara yote tope. Aliyepiga alikuwa nyanya. Mke wa mwanawe alikuwa ameshikwa na uchungu, mtoto anatoka, na wako wawili tu nyumbani. Chebet ndiye aliyepokea. Alianza kwa Kiswahili kama sheria inavyotaka. Nyanya akawa analia tu. Chebet akaiacha sheria, akaingia Kikipsigis.

Mimi sikuwepo, ila rekodi nimeisikiliza, tena mara nyingi kuliko nilivyotakiwa. Mtoto alitoka kitovu kimemzunguka shingo. Chebet akamwelekeza nyanya akipitishe juu ya kichwa polepole, amfute mtoto uso, amsugue mgongo. Nyanya akasugua, akasugua. Halafu mtoto akalia. Msichana.

Wakati huohuo dereva wa ambulensi alikuwa amepotea njia, na Omwenga ndiye aliyekuwa akiongea naye. Nyanya alikuwa anaeleza njia ya kufika kwake, lakini Omwenga, aliyekuwa akisikiliza laini ileile, hakuambulia neno, na Chebet mikono ilikuwa imejaa. Ambulensi ikachelewa. Hakuna aliyekufa, mama na mtoto walifika hospitalini salama. Lakini Omwenga aliandika malalamiko, akaniletea mwenyewe.

"Madam, mimi sina ubaya na Chebet," aliniambia. "Hata nimefurahi mtoto ako sawa. Lakini hii sheria tulipitisha sisi wenyewe, na ni wewe uliileta. Tukiiacha leo, kesho tutasema nini?"

Kamati ilikuwa ya watu watatu. Mimi, dada mmoja kutoka Longisa aliyesema atafuata nitakakoelekea, na Mzee Koech, ambaye alikuwa dereva wa ambulensi kabla magoti hayajamsumbua. Mzee Koech alinivuta dirishani.

"Sikiza, Mama. Mimi nikimtetea huyu msichana, watasema ni kabila. Siwezi. Lakini wewe ukisema asamehewe, nani ataongea? Wewe ndio ulileta sheria, na wewe si wa hapa. Ni wewe tu unaweza."

Akaningoja. Mzee wa watu alikuwa amenifungulia mlango wazi kabisa, nami nilishindwa kupita.

Ningesema asamehewe, wangeuliza kwani sheria ina kasoro gani. Ningesema kasoro, wangeuliza mbona niliileta. Na mwisho wa maswali hayo kulikuwa na mimi na kicheko cha asubuhi moja. Tena wale walionipigia makofi wangesema nimemezwa na upande wa mume. Kila nilipogeuka niliona ukuta, na kila ukuta nilikuwa nimeujenga mimi.

Tukamwita Chebet. Hakuomba wala hakulia. Nikamuuliza kama alivunja sheria.

"Nilivunja," akasema. "Na simu kama hiyo ikikuja kesho, nitavunja tena."

Jibu hilo lilinipa pa kujificha. Nikasema hajutii. Nikasema hatuna budi. Dada wa Longisa akaitikia, Mzee Koech akaangalia sakafu, na kibali cha Chebet kikaondolewa. Mwajiri akamhamishia stoo, kuhesabu blanketi. Hakudumu huko. Sasa anachuma majani chai kwenye shamba la wazazi wake, na mkono uliomtoa mtoto wa watu salama kwa simu unashinda kwenye kikapu.

Siku ile ya kikao nilimfuata nje. Nikamwambia asinichukie, ni kazi tu. Akaniangalia kama mtu anayetafuta kitu alichoweka mahali.

"Ni ile siku tulicheka, sindio?"

Nikajifanya natafuta funguo mkobani.

"Ulikuwa umevaa sweta ndani nje. Lebo iko hapa kwa shingo. Tulikuwa tunabishana nani atakwambia, juu wewe hukasirika haraka." Akafunga zipu ya jaketi yake, akaenda zake.

Sweta! Mtu amepoteza kazi aliyoipenda kwa sababu nilivaa sweta vibaya na sikupenda kuchekwa. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Ungedhani hayo yalitosha kuniadhibu. Hata. Yule nyanya aliyepiga simu anaimba kwaya moja na mama mkwe wangu. Mtoto alipobatizwa walimpa jina la Chebet la kanisani, nami nikaalikwa. Wakaniketisha mbele, eti kwa sababu nafanya kazi pamoja na yule msichana. Nililetewa chai kabla ya mchungaji. Sijawahi kunywa chai chungu namna ile, na ilikuwa na sukari tele.

Habari kwamba sheria imemwondoa Chebet kwa kuongea Kikipsigis zikafika kwaya. Mama mkwe akanijia jikoni. Yeye huniongelesha Kikipsigis polepole, neno kwa neno, na nikikwama hunirudia bila kuchoka. Ndiyo sababu hata hiyo nusu ninayo.

"Ni nani huyo mkubwa aliyemfukuza?" akauliza. "Wewe unamjua. Tupeleke kwake tuongee naye kama wazazi."

"Ni kamati, Mama. Ni watu wengi."

"Kila kamati ina mtu anayekaa katikati," akasema.

Nikasingizia sufuria inachemka. Jumapili iliyofuata akauliza tena, na iliyofuata pia. Kila mara nilikuwa na uongo mpya, na kila uongo ulihitaji mwingine wa kuushikilia. Nikamwendea mwenyekiti wa chama kuomba kujiuzulu kiti cha nidhamu. Akacheka. "Mama wa msimamo kama wewe tutatoa wapi? Maliza muhula wako." Kwa hiyo kazini nikawa shujaa wa sheria niliyoichukia, na nyumbani nikawa mtu wa kutegemewa kumtafuta mkosaji ambaye ni mimi.

Mkutano mwingine wa chama ukafika, ukumbi uleule wa Kapsoit. Tulikuwa katikati ya ajenda ya mafunzo mlango ulipofunguka. Waliingia kina mama wawili na vitambaa vyao vya kanisani, viatu vina tope, mmoja amebeba mtoto mgongoni. Mama mkwe wangu na yule nyanya aliyepiga simu. Walikuwa wamechoka kuningoja, wakajileta wenyewe.

Omwenga ana adabu. Alinyanyuka akawapa viti, akawasalimia kwa mikono miwili. Kwa Kiswahili cha kuokota okota wakasema wanatafuta kiongozi aliyemhukumu Chebet. Sikuweza hata kuinama nijifiche. Omwenga akanyoosha mkono kwangu, kwa heshima zote.

"Ni huyu, mama. Chairlady wa nidhamu ndio huyu."

Mama mkwe akaniangalia. Nilingoja anitukane mbele ya watu, na haki ya Mungu nilitamani anitukane. Alimgeukia mwenzake, akasema kwa Kikipsigis kwamba waende nyumbani, na hilo nililielewa lote.

Mume wangu hajaambiwa. Mama mkwe hakunisema kwa mtu. Alichofanya ni kuacha kuniongelesha Kikipsigis. Sasa ni Kiswahili tu, hicho kidogo alicho nacho, kinakatika katikati, anatafuta neno, halipati, analiacha. Jumapili iliyopita nilimkuta ameketi kwenye kiti cha jikoni, mkono kifuani, uso umebadilika.

"Hapa," aliniambia. "Hapa iko... iko..."

Neno halikuja. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia kwa Kikipsigis changu kibovu, sema kwa lugha yako, Mama, nitaelewa.

Akatikisa kichwa. "Hapana. Sheria."

Ilibidi nimwite mume wangu kutoka zizini aje amuulize. Ilikuwa presha, amepewa dawa, anaendelea vizuri. Njiani kurudi kutoka kliniki mume wangu aliniuliza mbona mama hataki kuongea nami. Nikamwambia sijui.

Chebet bado hana kibali. Wa kukirudisha ni mimi, nikisimama mkutanoni niseme hoja ile ilitoka wapi. Mzee Koech amesema ataniunga mkono siku nitakayosimama. Mkutano uko Jumamosi. Nimeandika hapa kwanza kwa sababu hapa hamnioni uso, na nataka nijue kama maneno haya yanaweza kutoka kinywani mwangu. Sijui bado.

Wewe unayesoma, kama una kinyongo na mtu, mwendee huyo mtu. Muulize walikuwa wanacheka nini, hata kama sauti itatetemeka. Usiibebe hasira yako mkutanoni ukaivisha maneno ya kitaalamu na kuiombea kura. Itapita, nakwambia. Watakupigia makofi, halafu watakupa kiti uisimamie.