Mvumo Chini ya Kiti cha Mama

Niliondoka Kitale Jumamosi asubuhi kumpeleka mama Kabuchai, kwenye mazishi ya kaka yake wa pekee, mjomba Wekesa. Ilikuwa miaka ile simu za mkononi zilipoanza kuingia mashambani. Mazishi yalikuwa saa nane, na jeneza lingefungwa kabla ya hapo. Mama alitaka jambo moja tu, kumwona kaka yake usoni mara ya mwisho.

Gari langu kuukuu lilikuwa likivuma nyuma kwa wiki mbili. Alhamisi nilikuwa nimelipeleka kwa fundi mmoja mjini Kitale, bingwa wa kujisifu. Akafungua boneti. Mlio unatoka nyuma, yeye anafungua mbele. Halafu akakanyaga mafuta gari likiwa limesimama, akatega sikio na kutikisa kichwa kama daktari.

"Hiyo ni difu, mwalimu," akasema.

Difu ni gia za ekseli ya nyuma, na kwa mafundi wetu, kila kinacholia nyuma ni difu. Akamwaga oili, akatia nyingine, na mvumo ukabaki palepale.

Saa nne kasorobo, Kiminini. Mama alikuwa ameketi nyuma yangu, upande wa kulia, kama apendavyo. Kila nilipoongeza mwendo, mvumo ulipanda.

"Wafula, hii ni beringi ya gurudumu," akasema. "Ukikata kushoto inalia zaidi, ukikata kulia inapungua. Na iko hapa chini yangu."

Mama hajawahi kushika usukani. Aliendesha kinu cha posho miaka ishirini, basi. Mimi nafundisha fizikia. Nikamweleza, kwa sauti ninayowawekea wanafunzi wazito, kwamba sauti husambaa kwenye bodi yote ya gari, na mtu hawezi kujua inakotoka kwa kuikalia.

"Kinu yangu ililia hivi kabla beringi ife. Si usimame uguse hiyo gurudumu?"

Sikusimama.

Saa tano, Kamukuywa. Mvumo ulikuwa umegeuka ngurumo, nikaingia kwa fundi wa pili. Huyu alitoa uamuzi mdomo ukiwa umejaa mandazi.

"Ni tairi bana. Imeisha vibaya."

Akahamisha matairi ya nyuma, la kulia kushoto na la kushoto kulia, akatumia saa nzima na ushee kwa kazi ya dakika ishirini. Nilisimama pale nikimdharau kimoyomoyo, na bado nikamtii. Tulipoondoka, mama akasubiri kidogo.

"Tairi imehama," akasema. "Mlio haijahama."

Mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza angetambua kwamba hilo lilikuwa jaribio safi la sayansi. Mwalimu wake aliongeza mwendo.

Saa saba na robo, karibu na Chwele, tulisikia harufu ya kuungua. Gurudumu la nyuma kulia lilikuwa limelala upande na kutoa moshi. Nililigusa hatimaye, likaniunguza vidole. Tulingoja karibu saa nzima hadi bodaboda ya baiskeli ikatokea, naye na miaka yake sabini akapanda nyuma, leso imefungwa kiunoni.

"Shika mimi vizuri, kukhu," mwendeshaji akamwambia, akimwita bibi kwa Kibukusu.

Niliacha gari kwa mwenye duka mmoja, nikafuata kwa miguu.

Saa kumi, Kabuchai. Nilimkuta mama amesimama kando ya kaburi lililokwisha kufukiwa. Walikuwa wamemngoja nusu saa, mvua ikatishia kunyesha, wakazika kabla hajafika. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatatu asubuhi, fundi wa tatu alitoka Bungoma mjini akatukuta mimi na mama Chwele. Aliinua gurudumu kwa jeki, akalizungusha kwa mkono mmoja huku kiganja cha pili kikiwa kwenye springi. Dakika mbili.

"Beringi. Ilikuwa inalia kitambo. Kwani hakuna mtu alikuwa anakaa huku nyuma?"

Nilimwonyesha fundi mama yangu, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la duka.

Tulirudi Kitale mchana huohuo, gari kimya. Nilikuwa nimewacheka mafundi wawili kwa uziwi wao, nami ndiye niliyeambiwa ukweli kutoka Kiminini hadi Chwele nikaendelea kuendesha tu. Tulipokaribia nyumbani nikamwuliza mama kama bado anasikia chochote.

"Imenyamaza," akasema. "Lakini uso wa Wekesa sikuona."