Ndugu wa Mgonjwa

Siku yangu ya kwanza kazini, hospitalini Kilosa, sikupewa mgonjwa. Nilipewa mlango. Metroni, yaani mkuu wa wauguzi wote, alinisimamisha kwenye mlango wa wodi ya wanawake na kuniambia kwamba kazi yangu siku hiyo ni kuita. Daktari akiandika dawa ambayo haipo dirishani, nitoke nje niite: "Ndugu wa mgonjwa!" Uji ukihitajika, niite. Khanga za kubadilisha zikihitajika, niite. Nami nilikuwa nimetoka chuoni na kofia iliyotiwa wanga, najiona muuguzi kamili. Nilinuna asubuhi nzima.

Mchana Metroni akaniuliza nimejifunza nini. Nikamjibu kwa jeuri ya ujana kwamba nimejifunza kupaza sauti. Hakucheka.

"Muuguzi anafanya nusu ya kazi, Mwanahawa," alisema. "Nusu nyingine anaifanya huyo unayemwita. Ukiita na asiitike mtu, mgonjwa huyo mkague zaidi ya wenzake."

Ninyi mnaoanza kazi leo mna mashine za kila namna, na sina kinyongo nazo. Sisi mapigo ya moyo tuliyapima kwa vidole, juu ya kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, saa ikining'inia kifuani. Tulitafuta mambo mawili: kasi na mpangilio. Kasi kila mtu anaielewa. Mpangilio ni kama mtu anayetwanga. Hata akitwanga haraka, unajua mchi utaangukia lini. Mpangilio huo ukipotea, ulikimbia kumwita daktari.

Kutoka Kilosa nilihamishiwa zahanati ya Munisagara, ambako dawa zetu zilikuja kwa treni na siku nyingine treni haikuja. Mganga Mfawidhi, ndiye msimamizi wa zahanati, alikuwa mzee mkali ambaye hakumgusa mgonjwa kabla ya kuamkiana naye. Muuguzi aliyesahau shikamoo kwa mgonjwa mzee alirudishwa mlangoni aingie upya. Baadaye nikapelekwa Rudewa, nikafunga vidonda vya wakulima na vya wafugaji waliogombania ardhi, wakati mwingine kwenye benchi moja. Mwisho nikaletwa Mikumi, kando ya barabara kuu. Huko tulipokea madereva wa malori kutoka mbali, watu wasio na mtu. Nilitoka nje na kuita kwa mazoea, kisha nikajiitikia mwenyewe na kwenda kuwapikia uji. Wenzangu walinitania kwamba nina ukoo mkubwa kuliko machifu.

Nilistaafu hapo hapo Mikumi. Mume wangu alikuwa ameshatangulia mbele za haki, na mwanangu wa pekee, Hamisi, anafanya kazi Dar es Salaam. Nilibaki na nyumba, kibustani cha matembele na redio. Sikujua kwamba mtu aliyezoea kuzungukwa na watu anaweza kusahaulika upesi hivyo. Nasema bila kuficha, upweke ulinikuta sijajiandaa.

Moyo ulinianza nikichambua mchele. Kifuani kulikuwa na kitu kama kuku aliyefunikwa kwa tenga. Nikaweka vidole juu ya kifundo changu mwenyewe. Mara mapigo yanakimbia, mara yanasita, mara mawili yanakuja yamebebana. Nilitulia, nikapima tena, nikaogopa.

Kwetu huku kila jambo la moyo lina majina mawili tu, presha au mawazo. Majirani walisema presha. Hamisi kwenye simu alisema, "Mama, hayo ni mawazo. Unakaa peke yako mno." Nilimkasirikia, hasa kwa sababu mawazo nilikuwa nayo kweli.

Nikaenda Morogoro. Wakanipima umeme wa moyo, zile waya zinazobandikwa kifuani na mashine ikachora mistari. Nikasubiri kwenye benchi. Muuguzi kijana akatoka mlangoni na kuita, "Ndugu wa Mama Mwanahawa!"

Nikasimama. "Ni mimi."

"Wewe ndiye mgonjwa, mama. Namwita ndugu yako."

"Ndiyo, ni mimi."

Akatazama nyuma yangu, huenda kuna mtu nimemziba. Kisha akanishika mkono, tukaingia.

Daktari, binti wa umri wa wajukuu wangu kama ningekuwa nao, alinieleza taratibu. Vyumba vya juu vya moyo wangu vinatetemeka badala ya kusukuma. Damu inazubaa humo, inaweza kuganda, na bonge likisafiri hadi kichwani ni kiharusi. Akanipa njia zilizopo. Kuna dawa ya kupunguza kasi, hiyo ningeanza siku hiyo hiyo. Kuna kuushtua moyo kwa umeme ili urudi kwenye mpangilio, lakini hilo ni la Dar es Salaam na linaweza kusubiri. Jambo kubwa lilikuwa dawa ya kuzuia damu isigande. Ya zamani inadai kupimwa damu mara kwa mara na kutobadilibadilisha kiasi cha mboga za majani. Ya siku hizi haina masharti hayo.

"Hii unaihitaji, mama," alisema. "Lakini ukianguka bafuni ukagonga kichwa, damu haitasimama kirahisi. Nani atajua?"

Wagonjwa wa kiharusi nimewageuza vitandani miaka yangu yote, najua mdomo unavyokwenda upande. Akaniambia nihamie kwa mwanangu, au nipate mtu wa kuniona kila siku, kisha nirudi kuchukua dawa.

Hamisi akasema niende kwake. Nilishawahi kukaa huko. Asubuhi wote wanatoka, unabaki na televisheni na funguo za watu. Upweke wa kule una geti. Wa kwangu angalau una matembele.

Nikamfikiria Mama Nasieku, mke wa mfugaji wa upande wa pili wa korongo, anayepita kila asubuhi kupeleka maziwa sokoni. Siku moja nikamsimamisha, nikamweleza yote: moyo, dawa, bafuni. Nimezoea kuombwa, kuomba sikuzoea. Alitua dumu chini.

"Bibi, kwetu ukipita nyumba ya mkubwa bila salamu, umemtukana," alisema. "Nitakuamkia kila siku. Usipoitikia, naingia."

Nikampa ufunguo. Majirani wakanong'ona, eti nimemkabidhi nyumba mfugaji. Nikawaacha wanong'one, nikarudi Morogoro kuchukua dawa.

Sasa nakunywa dawa zote mbili. Mapigo bado hayana mpangilio, ila kasi imepungua, na habari ya umeme bado naitafakari. Kila asubuhi nasikia katambuga zake, vile viatu vya tairi, kwenye kokoto, kisha sauti: "Shikamoo, bibi." Naitikia marahaba, naye anakwenda zake. Simu isipolia, hilo ndilo neno langu la pekee mpaka kesho yake. Ndiyo maana siku nyingine, nikiwa mzima kabisa, nachelewa kuitikia, ili aniite mara ya pili.