Gari la Bi Inayat Sasa Linaingia kwa Pua

Mtaani kwetu Sakakini gari halikuingia kwa pua. Hiyo ilikuwa sheria ya Ami Bikhit, na Ami Bikhit hakuwa polisi wala serikali. Alikuwa mwegesha magari wetu tu, mtu wa Sohag, kusini mwa Misri, mwenye kanzu ya kijivu na kiti cha plastiki kilichofungwa waya mguuni. Miaka ishirini na sita alikaa kwenye kiti hicho mbele ya duka langu la kupiga pasi, na miaka yote hiyo tulibishana.

"Ukiingia kwa pua," husema, "kesho unatoka kinyumenyume mpaka katikati ya barabara, huoni kitu, na mtoto wa shule ndio anapita. Ukiingia kwa rivasi unatoka unaona dunia."

"Ukiingia kwa rivasi unaziba njia dakika tano, watu wanapiga honi, mimi naunguza shati la mtu."

"Shati linaungua kwa sababu mdomo wako haufungi, fundi."

Ndivyo tulivyoishi. Dereva akifika anateremsha kioo, Bikhit anasimama nyuma ya gari, mkono juu, anaita: njoo, njoo, njoo, usukani wote kulia, nyoosha, basi. Anagonga buti mara mbili kwa kiganja, kazi imekwisha. Na dereva akishuka haweki breki ya mkono. Mtaa ni mwembamba, magari yanakaa safu mbili, na la ndani likitaka kutoka, Bikhit analisukuma la nje kwa bega. Kuvuta breki ya mkono mbele yake ni kumwambia usoni kwamba humwamini. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo.

Hakuwa na mtu. Mkewe alifia Sohag yeye akiwa hapa anaita magari, nyumba akaichukua kaka yake, watoto Mungu hakuwajalia. Alilala chumba cha chini ya ngazi, jengo namba tisa. Ful yake ya asubuhi, yale maharagwe ya kupondwa, aliila kwenye kile kiti, na chai ya alasiri akainywa hapo hapo. Sikumsikia akizungumza na mtu mwingine zaidi yangu, na mimi mazungumzo yangu mnayajua.

Kisha yakaja magari yenye jicho la kamera nyuma. Daktari wa meno wa ghorofa ya tatu akaacha kuteremsha kioo. Ndugu wauza vitambaa wa jirani wakafuata. Bikhit anasimama anaita njoo, njoo, mtu yuko ndani na kiyoyozi chake anatazama picha. Anaita vile vile mpaka mwisho. Iliniuma, nisiseme uongo, na kwa vile iliniuma nikazidi kumtania.

Akabaki mmoja tu. Bi Inayat wa ghorofa ya nne, mwalimu wa jiografia mstaafu, mjane, na Fiat kuukuu ya marehemu mumewe. Kila siku baada ya adhuhuri alitoka nayo, akarudi kama nusu saa baadaye na kifuko cha ndimu, au mikono mitupu. Kioo chini, shingo nje.

"Kulia, Mwalimu. Hiyo ni kushoto."

"Si umesema kulia?"

"Nimesema. Wewe umekwenda kushoto. Ramani ulifundishia mkono gani?"

"Huu huu, na watoto walifaulu. Sasa niende wapi?"

"Sogea mbele, tuanze upya."

Mara nne, mara tano, honi zinalia nyuma yake. Akishuka anasema, "Ahsante, Ami Bikhit, bila wewe ningelala barabarani." Naye anajibu, "Siku utakayojua kurudi nyuma mwenyewe, nafunga mzigo wangu naenda Sohag." Alisema kama mzaha. Mimi nilijua si mzaha, maana lile ndilo gari pekee lililobaki kumsikiliza.

Kipupwe kilichopita nilikwenda Abbasiya kupimwa macho. Nikaiona ile Fiat kando ya barabara, mbele ya nafasi ambayo mimi nisingeithubutu hata na mkokoteni. Bi Inayat akatupa mkono mmoja nyuma ya kiti, akazungusha usukani kwa mkono wa pili, akaingia mara moja. Akazima gari. Akakaa humo ndani anatazama saa yake. Baada ya kitambo akawasha, akaondoka. Hakununua hata ndimu. Mama wa watu alikuwa akitoka kila siku ili apate kurudi.

Nikaapa kunyamaza, na nikanyamaza wiki mbili, ambazo kwangu ni nyingi. Kisha siku moja nikaunguza kola ya daktari, honi zinanitoboa masikio, na Bikhit kwenye kiti chake ananichekea.

"Bila mimi," akasema, "Mwalimu angekwisha kuigonga Misri nzima."

"Mwalimu wako anapiga rivasi kukushinda wewe. Nimemwona Abbasiya, mkono mmoja, mara moja tu. Anakuonea huruma, mzee."

Neno la huruma nililiongeza mimi. Sikuona huruma Abbasiya. Lilinijia mdomoni nikalitema.

"Mkono mmoja?" akauliza.

"Mmoja."



Bi Inayat aliporudi aliteremsha kioo, akatoa shingo, akangoja. Bikhit amekaa, anatazama viatu vyake.

"Ami Bikhit, kulia?"

Honi zikaanza. Mwalimu akamtazama Bikhit, kisha akanitazama mimi, na uso wangu ukamwambia yote. Akarudisha shingo ndani, akapandisha kioo, akaingia kinyumenyume mara moja, safi kabisa. Halafu tukasikia breki ya mkono ikivutwa. Sijui ilikuwa hasira au aibu, au mkono tu ulijifanyia. Akapanda kwake bila kuaga.

Asubuhi nilikuta kile kiti mlangoni pangu na chumba cha chini ya ngazi kimefagiliwa. Bawabu akasema mzee amepanda treni ya Sohag. Kwa nani, hakuna ajuaye.

Nikapanda ghorofa nne kukiri kwamba neno la huruma lilikuwa langu. Bi Inayat alifungua mlango kidogo.

"Alisema nini?"

"Alisema, mkono mmoja?"

"Basi?"

"Basi."

Akafunga mlango, na lile la huruma sikuwahi kulikiri.

Bado hutoka kila adhuhuri. Siku ya kwanza nilisimama nyuma ya gari, nikainua mkono, njoo, njoo. Hakuteremsha kioo. Akageuza, akaingia kwa pua, yeye anayejua rivasi kuliko mtaa mzima, na tangu hapo huingia kwa pua kila siku. Kwa hiyo kesho yake lazima atoke kinyumenyume. Anarudi nyuma taratibu, akifika nusu anasimama, anateremsha kioo, anatoa shingo nje. Mimi niko dukani na pasi mkononi, na sithubutu kuita. Anasikiliza kidogo, kisha anaendelea kutoka.