Mkebe wa Fundi Komeo

Katika miaka thelathini na mmoja ya kuchonga funguo, Fundi Komeo aliwafungulia watu wa kila namna. Alimtoa bwana mmoja aliyejifungia ndani ya choo cha ofisi yake mwenyewe. Alimfungulia mjane kabati la marehemu, kisha akageuka kutazama ukuta mpaka mjane alipomaliza kuangalia kilichokuwamo. Kibanda chake kiliegemea duka la vifaa vya ujenzi, kikiwa na upana wa mlango mmoja na nusu: mashine ya kuchongea, tupa sita, na ukuta mzima wa funguo ambazo hazijachongwa zikining'inia kwenye misumari.

Kisha yakaja magari ya kubonyeza. Ufunguo ukawa kidude cha plastiki kinachokaa mfukoni. Mwenye gari akikaribia, mlango unafunguka. Akibonyeza kitufe, injini inawaka. Watu wakakiita rimoti. Hakina meno wala tundu la kuingia, na tupa haina la kufanya hapo.

"Ufunguo usioingia popote?" alisema Komeo mara ya kwanza alipokishika. "Huu si ufunguo, huu ni uvumi."

Lakini alikuwa mtu wa kazi, na mtu wa kazi hanuni muda mrefu. Magari hayo yalipoanza kuibwa bila kioo kuvunjwa, alisoma, akauliza, akafungua rimoti mbovu tatu juu ya meza yake mpaka akaelewa. Baada ya hapo aliwaeleza wateja kwa namna ambayo hakuna aliyeisahau.

"Gari linapiga hodi, rimoti inaitika. Sauti ya gari ni ndogo, haifiki hatua tatu. Sasa mwizi mmoja anasimama na mashine yake kwenye gari, mwenzake anasimama na ya pili ukutani kwako. Wanapokezana ile hodi mpaka imfikie rimoti aliyeko mezani. Naye, mpumbavu, anaitika. Gari linadhani umesimama hapo, kumbe wewe unakula."

"Kwa hiyo havunji kitu?"

"Avunje nini, na umeshamkaribisha?"

Dawa yake ilikuwa mkebe wa bati. Rimoti ikizungukwa na chuma pande zote, haisikii wala haisikiki. Alinunua mikebe yenye mifuniko, akaigonga kingo mpaka bati lilale juu ya bati, akaipaka rangi nje. Wapo waliomcheka: "Fundi, siku hizi umekuwa wa mikebe? Kesho utatuuzia masufuria!" Walicheka, wakanunua. Mikebe kumi na mmoja ilitoka kibandani mwake.

Wa kwanza kabisa ulikuwa wa nyumbani kwake.

Gari lililokuwa nje ya nyumba hiyo lilikuwa dogo, la buluu, na mlango wake wa nyuma ulikuwa na mkwaruzo. Binti wa Komeo na mkewe, kifungua mimba, aliwaachia alipohamia kazini mji mwingine, mwaka ule figo za mama yake zilipokufa. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa mama huyo alilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu kwa saa nne. Hospitali ilikuwa upande wa pili wa mji. Kabla ya gari walikuwa wakibadilisha magari ya abiria mara mbili, na mara mbili alizimia njiani wakati wa kurudi. Daktari alikuwa amesema siku tatu, na alipoulizwa kama mbili hazitoshi, alivua miwani yake kwanza ndipo akajibu kwamba hazitoshi.

"Wenzangu wamepewa figo mbili," mke wa Komeo alikuwa akiwaambia manesi. "Mimi ninayo moja, ina magurudumu manne."

Ndiyo maana Komeo alilinda gari lile kuliko kitu kingine chochote alichowahi kulinda. Usiku alifunga usukani kwa fimbo ya chuma aliyoiunda mwenyewe. Mchana, gari likiwa hatua nane kutoka dirishani, fimbo aliiona ni woga. Mchana ulikuwa wa mkebe. Rimoti zote mbili, ya kutumia na ya akiba, zilikaa humo, juu ya rafu ya sebuleni.

Aliujaribu mkebe huo kama fundi anayejiheshimu. Aliweka rimoti ndani, akafunika, akausogeza mpaka kwenye mlango wa gari, akavuta kitasa. Kimya. Akarudia, na mara ya tatu akamwita mkewe aje avute yeye. Kimya.

Kisha akafanya lile ambalo mtu asiyekuwa fundi funguo asingelifanya. Kwa miaka thelathini na mmoja adui wa ufunguo alikuwa unyevu, na hakuna kilichotunzwa kibandani mwake bila kuzuiwa unyevu. Akakata ukanda mwembamba wa mpira, akaubandika kwa gundi kuzunguka ukingo wa mkebe, mfuniko ukae vizuri, hewa isipenye. Mkebe ukawa unafunga kwa sauti ya kuridhisha, *pap*. Hakuujaribu tena. Kitu ulichokiongezea kifungo, ukijaribie nini? Na mikebe kumi iliyofuata akaitengeneza vivyo hivyo, na mpira wake.

Gari liliibwa siku ya Alhamisi, saa nane mchana.

Mkewe alikuwa ameketi kibarazani, miguu juu ya kigoda. Mwanamume mwenye fulana ya kazi na ubao wa kuandikia aliingia uani, akasalimia vizuri, akasema anasoma mita. Begi lake lilikuwa pana na bapa, kama la kubebea picha za fremu. Alisimama chini ya dirisha la sebule, akaandika kitu, akasogea kidogo, akaandika tena.

"Mita iko upande huu, baba," mkewe alimwambia.

"Naiona, mama. Asante."

Gari likawaka. Mama huyo hakushtuka. Alijua mumewe kaenda kulisogeza kivulini. Yule mtu wa mita alishaaga, na gari lilishakata kona, Komeo alipotokeza mlangoni mikono ikichuruzika maji.

Wakatazamana.

"Wewe si umo garini?" mkewe akauliza.

"Mimi nilikuwa nanawa."

"Sasa nani anaendesha?"

Komeo alikimbia mpaka kwenye kona, peku. Aliporudi, mkebe ulikuwa rafuni, umefungwa, rimoti mbili zimelala ndani kama mayai.

Polisi aliyeandika maelezo alikuwa mpole na mchovu. Aliuliza kama kuna kioo kilichovunjwa, akaambiwa hakuna. Aliuliza rimoti ziko wapi, akaonyeshwa. "Mzee, haya magari," alisema, akafunga daftari. Bima ya gari haikuhusu wizi. Kisha Komeo akampigia binti simu.

"Baba, si kazi yako hiyo?" binti akasema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anauliza kweli.

Asubuhi iliyofuata, baada ya kumwacha mkewe hospitalini kwa gari la jirani, alikwenda kwa mwuza dawa, mteja wake wa mkebe wa saba, akaomba wajaribu. Waliweka rimoti ndani, mfuniko ukasema *pap*, wakausogeza mkebe kwenye mlango. Mwuza dawa akavuta kitasa. Mlango ukafunguka, taa za ndani zikawaka.

"Labda sijafunika vizuri," alisema mwuza dawa, kwa huruma.

"Umefunika."

Komeo alichomoa kisu, akabandua mpira wote, akafuta gundi mpaka bati likagusa bati. Wakajaribu tena. Kimya. Mpira unazuia hewa, hauzuii hodi. Alikuwa ameweka ufa kuzunguka mkebe mzima, ufa mwembamba kama ukucha, akaugandisha kwa gundi nzuri kabisa.

"Sasa umejua, Fundi. Si ndiyo kujifunza?"

"Nimejifunza kwa figo ya mtu mwingine," alisema Komeo.

Alizunguka nyumba tisa zilizobaki, akibandua mpira mlangoni mwa kila mteja na kueleza sababu bila kujitetea. Wengine walimshukuru. Mmoja aliutupa mkebe jaani mbele ya macho yake.

Jirani alisaidia mara nne, kisha akaanza kuwa na safari. Wakarudi kwenye magari mawili ya kwenda na mawili ya kurudi. Wiki ya tatu mkewe alianguka kituoni, akachubuka shavu, na mwanamke wasiyemjua akamfunika kwa kanga. Wiki ya tano, Alhamisi jioni, Komeo alipokuwa akimwandalia nguo za kesho, mkewe alisema:

"Zirudishe kabatini. Ijumaa siendi."

"Daktari alisema..."

"Nilikuwepo aliposema. Mwili wangu hauwezi zile safari mara tatu, mzee wangu. Nitakwenda Jumatatu na Jumatano."

"Nitatafuta gari."

"Tafuta. Lakini kesho siendi."

Komeo alizirudisha nguo kabatini. Ijumaa hiyo hakufungua kibanda. Saa nne asubuhi, saa ambayo damu ya mkewe ingekuwa inapita kwenye mashine, alikuwa sebuleni anamwangalia. Miguu ya mkewe ilikuwa imevimba hata alama ya kamba za kandambili ilibaki imezama. Maji ambayo mashine haikuyatoa yangebaki mwilini mpaka Jumatatu, na kila alichokunywa kingejazia hapo.

"Niletee maji," mkewe akasema.

Alileta kikombe, nusu. Mkewe alikunywa kwa mkupuo mmoja, akakigeuza kuonyesha kilivyo kitupu.

"Ongeza."

"Hapana, mke wangu."

"Kidogo tu. Nina kiu."

Komeo alikichukua kikombe mkononi mwa mkewe, akakipeleka jikoni, akasimama huko.