Gari Linavutwa, Baba Mkwe Yumo Ndani

Jumatano, katikati ya Aprili. Mvua ilianza kabla ya jogoo kuwika. Haikuwa ya fujo, ilikuwa ile ya kudondoka tu, kama mtu anayelalamika huku amekaa. Ukungu uliifuta milima yote ya upande wa Matema na haukuirudisha mpaka jioni.

Naandika leo leo, kwa sababu nikilala nitaamka nimeanza kumwonea shemeji yangu, na sitaki kumwonea. Nataka kumdharau kwa haki.

Shemeji ninayemsema ni mdogo wake mume wangu. Mume wangu yuko Karonga kwa biashara yake ya vitenge, kwa hiyo anayemwendesha baba yao ni huyu mdogo. Gari ni langu, nimelipata kwa mchele ninaouza Bondeni, na leseni ninayo. Lakini siwezi kumwendesha baba mkwe. Kwetu mkamwana hakai pamoja na baba mkwe wake, hamtazami usoni, hamsemeshi, na akimwona anakuja njiani anachepuka. Wapo walioacha, hasa wa mjini. Nyumba yetu haijaacha. Sijui kama tunafanya vizuri au vibaya, sina elimu ya kuamua mambo hayo. Ninachojua ni kwamba tangu niolewe, mzee yule namfahamu kwa mgongo, kwa kikohozi na kwa mlio wa fimbo yake tu.

Sasa macho yake yote mawili yameingia mtoto wa jicho. Madaktari wa macho walikuja hospitali ya hapa mjini kwa siku chache, na leo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Safari iliyopita aliwakosa kwa sababu ya msiba, na tangu hapo anapapasa kikombe mezani kama mtu anayetafuta kuku gizani. Alikwisha kumwambia mama mkwe kwamba akikosa tena basi, hataki kusikia habari ya daktari, atakaa hivyo hivyo mpaka afe. Na yule akisema, amesema. Kwa hiyo leo ilikuwa lazima atolewe Ipinda afikishwe mjini. Kazi yote ilikuwa hiyo.

Na kazi hiyo aliachiwa shemeji.

Shemeji ni mtu wa mitambo wa kwaya. Cheo hicho alijipa mwenyewe, hakuna kikao kilichokaa. Jumapili kulikuwa na mkutano wa injili na umeme ulikatika, basi akaja akang'oa betri ya gari langu ili spika ziimbe. Sikumkatalia, ilikuwa kazi ya Mungu. Akairudisha jana imechoka, waya zote mbili amezizungushia utepe mweusi, hata ule uliokuwa mwekundu.

Betri ile naitunza mimi. Ule unga mweupe unaoota kwenye nguzo zake nausafisha kwa maji ya moto na magadi, nakausha, nakaza vibano, halafu napaka mafuta ya mgando. Gari likikaa siku nyingi bila safari, nafungua waya wa hasi. Nilifundishwa na mwalimu wa udereva, na huenda nusu ya maneno yake nimesahau. Shemeji akinikuta nafanya hivyo hucheka.

"Shemeji, hiyo ni betri, siyo kichanga. Utaibeba mgongoni lini?"

Basi leo, kwa kuwa sikuiamini ile betri wala mikono iliyoifunga, nilikodi bajaji nikafuata nyuma. Gari langu linatangulia, mimi nalifuata kama ninayesindikiza jeneza. Dereva wa bajaji, mtu wa makamo, mpole, aliniuliza kama namfumania mume. Nikamwambia hapana, nafumania betri.

Ipinda walimpakia mzee kiti cha nyuma. Mimi nilishusha turubai la bajaji nisionekane. Nilichoona kwa upenyo ni shemeji ameinama chini ya usukani, kwenye kisanduku cha fyuzi. Fyuzi ya waipa ilikuwa imeungua. Badala ya kutia nyingine, akaokota karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akaikunja, akaichomeka. Shemeji hata sigara havuti. Alikwenda kuutafuta uchafu huo kwenye mtaro wa watu.

Fyuzi inaungua ili kitu kingine kisiungue. Mimi darasa la saba nimeelewa, mtu wa mitambo hajaelewa.

Tulikuwa hatujafika Ipyana waipa zikasimama, kisha moshi ukatoka. Hapo shemeji aliruka chini, akafungua boneti, akang'oa waya za betri haraka. Alifanya sawa na naandika kwamba alifanya sawa. Bila hivyo gari lingewaka na mzee ndani. Kama angeishia hapo leo ningemsifu.

Hakuishia hapo. Moshi ulipokwisha akarudisha waya, na kwa kuwa zote zilikuwa nyeusi kwa utepe wake mwenyewe, akazibadilisha, wa hasi kwenye chanya. Sasa, nguzo ya chanya ni nene kuliko ya hasi. Kibano kilikataa kuingia. Betri ilimwambia kwa lugha yake yote kwamba siyo hapa. Yeye akachukua jiwe akakigonga mpaka kikaingia. Ule wa pili ulipogusa, cheche ziliruka, kitu kikalia ta! na gari likafa kabisa, taa, honi, vyote. Fyuzi kubwa imekwenda.

Nisiwe mwongo: kuna alama ya kujumlisha pale juu ya betri ambayo ingemsaidia, na ilikuwa imefunikwa na mafuta yangu ya mgando. Nimelifikiria hilo jioni nzima.

Wakajaa wanaume. Sijui hutoka wapi, barabara ilikuwa tupu. Mmoja akasema betri imwagiwe soda. Mwingine akasema itikiswe. Wa tatu, ana mwavuli wa kike, akasema betri ikipata baridi ya asubuhi huwa inasusa. Wakasukuma gari liwake kwa kusukumwa, wakasukuma tena, tope mpaka magotini, na fyuzi kubwa imekatika. Ni sawa na kumpiga mgongoni mtu ambaye hajala ili acheue. Mimi niko ndani ya bajaji, nimeuma ncha ya khanga.

Likaja lori dogo la mpunga, linaelekea mjini. Dereva alikubali kutuvuta. Kamba ikafungwa. Mzee hawezi kupanda lori na macho yale, akabaki alipo. Shemeji akashika usukani, lakini ufunguo ameutoa, ameutia mfukoni, na hiyo ndiyo iliyonitoa jasho. Gari likivutwa ufunguo lazima uwe mahali pake, umezungushwa kidogo, na waya wa betri uwe umefunguliwa usije ukaunguza kingine. Ufunguo ukitolewa usukani hujifunga kwenye kona ya kwanza.

Kutoka siwezi, dirisha la mzee liko wazi. Nikamtuma dereva wa bajaji. Alikwenda akasema yote kwa sauti, neno kwa neno. Nikamsikia shemeji:

"Mwambie shemeji gari limezimwa, limezimwa. Ufunguo wa nini? Wa kuifungia mvua?"

Wakacheka wote, na yule wa mwavuli wa kike akacheka kuliko wote.

Njia pale imenyooka, kwa hiyo walikwenda vizuri kidogo, na katika kale kamwendo nilianza kujitilia shaka, labda mwalimu alisema kuhusu magari mengine. Kisha kona. Lori likapinda, gari langu halikupinda. Likaenda mbele moja kwa moja kama mlevi aliyeona kwake, kamba ikakatika, gurudumu la mbele likaingia ukingoni mwa mpunga, likatulia. Halafu nikasikia kikohozi ninachokijua, na moyo wangu ukarudi.

Shemeji alitoka anafoka. Kosa ni la lori.

"Umepinda ghafla, wewe!"

"Nimepinda kwa sababu barabara imepinda," dereva wa lori akajibu. "Ulitaka niende ziwani? Fundi gani hujui hata gari linavutwaje? Fungueni kamba yangu, nina mpunga wa watu."

Na kweli akaanza kuikusanya kamba. Saa zinakwenda, hospitali inafunga. Wale wanaume, ambao walikuwa wamejaa elimu, sasa kila mmoja akawa anatazama viatu vyake.

Ndipo mzee akasema kutoka dirishani, bila kupaza sauti.

"Nani alileta habari ya ufunguo?"

Dereva wa bajaji akaenda akainama, akamwamkia kwa lugha yetu. "Mwagonile, tata. Ni mkamwana wako."

"Yuko wapi?"

"Kwenye bajaji, amejifunika."

"Wewe nakuona?"

"Sijui, tata."

"Sikuoni. Naona moshi, na katikati ya moshi kuna kitu kinaongea. Basi hata yeye simwoni. Mwambieni aje ashike usukani. Leo mimi sina macho, na mtu asiye na macho hana wa kumkimbia. Macho yakirudi, mwiko nao utarudi."

"Baba, mimi nipo," shemeji akasema.

"Wewe nimekusikia tangu Ipinda."

Nilishuka. Nilijifunika khanga mpaka kwenye nyusi, nikaenda kwa upande wa boneti nisipite mbele ya dirisha lake. Wanaume walilitoa gurudumu mpungani, na hapo mikono yao ilifaa. Nikafungua waya wa betri nikauweka mbali. Nikamwomba shemeji ufunguo. Aliutoa mfukoni polepole kama anayetoa jino. Nikauzungusha kidogo, usukani ukalegea. Nikaweka gia huru, nikashusha hendibreki. Jambo la mwisho, nikageuza kile kioo cha ndani kitazame paa, ili hata kwa bahati mbaya macho yetu yasikutane humo. Huenda ni ujinga, kwa sababu alikwisha kusema haoni. Lakini mimi nilikuwa naona.

"Mama, nikuvute mwendo gani?" dereva wa lori akauliza.

"Kama unampeleka sokoni ng'ombe mwenye mimba."

"Haya. Huyu anajua ng'ombe, twende."

Shemeji akapanda mwenyewe juu ya magunia kuangalia kamba, kwenye mvua, akaloa mpaka mifupani, na kila kamba ilipolegea alipiga kelele. Naliandika kwa upande wake. Alipiga kelele hata ilipokuwa haikulegea.

Gari lisilo na injini breki zake ni ngumu kama jiwe, unakanyaga kwa mguu mzima na bado linafikiria. Usukani mzito. Taa za nyuma hakuna, kwa hiyo bajaji ilitufuata ikiwasha zake. Nilikanyaga kidogo kidogo ili kamba ibaki imekaza, isilegee ikaja kushtua. Nyuma yangu mzee akaanza kuongea, ila siyo na mimi.

"Gari," akasema, "mbele kuna daraja, nayasikia maji."

Sikujua kama naruhusiwa. Nikaangalia kioo cha mbele, nikasema, "Gari limesikia."

Baadaye kidogo: "Gari, wale waliocheka pale barabarani walikuwa wengi?"

"Gari halikuwahesabu."

Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kwa karibu hivyo. Anacheka kama mume wangu, kwa puani.

Hospitali tulikuta benchi tupu na muuguzi anafunga madirisha. Alipomwona mzee anashikwa mkono, na lori, na kamba, na mtu aliyeloa anashuka juu ya magunia, aliacha madirisha. Alifungua tena mlango wa ndani akamwita daktari. Mimi nilibaki garini nimeinamisha kichwa mpaka mlango ule ulipofungwa.

Wamemfanyia upasuaji. Amelala huko, amefungwa bandeji, mama mkwe amemfuata, yuko naye. Alipiga simu magharibi.

"Mzee anasema uliambie gari ndaga fijo," akasema, na kwa sauti yake hakuelewa kwa nini gari lipewe asante sana. Sikumweleza. Niliipokea shukrani hiyo kwa niaba ya gari, hapo hapo jikoni, nikiwa peke yangu.

Shemeji amekuja kula. Amewaeleza watoto kwamba fyuzi za siku hizi ni za plastiki, ndiyo maana. Za zamani zisingekatika. Kuhusu usukani amesema ni ugonjwa wa magari ya aina ile. Mtoto wangu mdogo akamuuliza kwa nini mama alipoendesha haukujifunga. Akasema kwa sababu ulikuwa umekwisha kujifunga mara moja. Nilitaka kusema kitu, nikakumbuka mafuta ya mgando juu ya ile alama, nikanyamaza. Lakini kesho nitaupaka waya wa chanya rangi nyekundu ya kucha, na spika za kwaya zitafute betri yake.

Kesho wanamfungua bandeji. Ataona mto, atamwona mama mkwe, atamwona shemeji, bahati yake. Mimi nitapeleka uji na kuuacha kwa muuguzi mlangoni. Kioo cha gari bado kinatazama paa, sijakirudisha.

Usiku huu tumekula wali na mchuzi wa mbasa, na ndizi chache zilizobaki jana. Kichwa cha samaki alikula shemeji, nilimpakulia mwenyewe.