Mpaka Ulioanzia Katikati

Harufu ya mkaratusi uliotoka kuchongwa bado inanichemsha damu. Inanirudisha mlimani kwetu, karibu na Mushaki, asubuhi ile kaka wa marehemu baba yangu, tuliyemwita Baba Mukubwa, alipopigilia vijiti vya mpaka katika shamba la maharage.

Babu alikuwa ameacha neno moja tu: kila nyumba ilime kilicho karibu na mlango wake. Nyumba zetu mbili zilikuwa juu, kando ya njia, na shamba likashuka mpaka kijitoni. Baba Mukubwa alihesabu hatua toka mlango hadi mlango mbele ya wazee, akapigilia kijiti cha kwanza katikati kabisa. Wazee wakaridhika, wakarudia pombe yao ya ndizi. Kutoka hapo vijiti vilishuka vikiegemea upande wetu kidogo kidogo, hata kule chini vikawa vimemeza udongo wetu mzuri kuliko wote. Mama, mjane mwenye watoto wanne wa kulisha, alitazama miguu yake.

Wanasema mnyonge hana haki. Methali hiyo sijawahi kuipenda.

Wiki hiyohiyo mwalimu wetu alikuwa ametufundisha médiatrice: pointi zote zilizo mbali sawasawa na A na B hufanya mstari mmoja, unaokata AB katikati, tena kwa pembe mraba. "Katikati peke yake haitoshe," alikuwa akigonga ubao. "Droite, ile mistari ya kunyooka, za kupita katikati ziko mingi sana."

Nikaunga kamba zote za mbuzi nilizopata, nikashuka hadi kijiti cha mwisho; Baba Mukubwa na wazee wakanifuata kuona.

"Weka kamba chini," Baba Mukubwa akasema. "Mutoto mwanamuke hapimake shamba."

"Basi wazee wapime. Mimi nitashika tu."

Nikashikilia ncha ya kamba pale kwenye kijiti. Mzee mmoja, nadhani kwa kutaka kucheka tu, alivuta kamba hadi mlango wetu, akafunga fundo. Kisha akaivuta kuelekea mlango wa Baba Mukubwa. Fundo likakwama njiani, hatua kumi na moja kabla ya kufika.

"Pale kwa kijiti iko karibu zaidi na kwa huyu mama," mzee akasema.

Vijiti vilihamishwa siku hiyohiyo. Baba Mukubwa hakunisalimia tena mpaka nilipoolewa.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba nilimsahihisha mtu mzima hesabu yake. Siku moja, nikiwa mama tayari, nilimsimulia Mama kisa hicho nikicheka. Yeye hakucheka.

"Alijua," akasema. "Yeye na baba yako njo walipimaka ile shamba, zamani. Na bale bazee bote balikuwa pale."

Kumbe pale shambani hapakuwa na mtu aliyehitaji somo langu. Walikuwa wanangoja kuona kama kuna atakayekataa, na kama hayupo, wamalize pombe yao waende nyumbani. Nilikataa. Ningekataa tena leo.