Mkate wa Murod

Mtu mbishi kama Ergash, fundi viatu, humpati Samarkand nzima. Mwanawe Murod alipoikataa kazi ya viatu akaamua kwenda Urusi kubeba matofali, Ergash alijifungia karakanani akagonga nyundo mpaka teksi ya kijana ikaondoka. Jioni alipotoka, alikuta mkate umetundikwa kwenye msumari katika ukumbi wa kuingilia, umefungwa kitambaa, ukingo wake umeumwa. Moyo ukatulia. Msafiri huuma mkate nyumbani kwao, na unaobaki humngoja mpaka arudi aumalize.

"Kama kauma, atarudi mwenyewe," alimwambia mkewe Sanobar. "Mimi nikambembeleze kwa simu? Thubutu!"

Miaka mitatu ikapita bila Ergash kumpigia mwanawe. Lakini kila asubuhi, akidhani mkewe haoni, aligusa kile kitambaa kabla ya kutoka.

Mwaka huo wa tatu walimpangisha chumba Devika, msichana wa Kerala, India, aliyekuja kusoma udaktari. Jioni yake ya mwisho kabla ya kurudi kwao alialika wenzake. Pilau likapakuliwa sebuleni, muziki ukapigwa, na vijana wakacheza mpaka vikombe vikatikisika. Sanobar alikuwa ameweka kando mkate mpya wa Devika kuuma kabla ya safari.

"Nyumba yangu imegeuka stendi ya basi!" Ergash alifoka, huku mguu wake ukifuata ngoma.

"Baba, simama ucheze basi," Devika akamchokoza.

"Nicheze nivunjike kiuno, nani atanibeba? Wewe unayepaa kesho?"

Mikate ya mezani ikaisha. Jobin, mwanafunzi mwenzake Devika kutoka kwao, ambaye hakuwa amewahi kufika pale, aliingia jikoni akarudi na bakuli la supu ya kondoo yenye vipande vya mkate. Akampa mwenye nyumba kwanza, kwa heshima. Ergash akanywa vijiko viwili, akatafuna, akatikisa kichwa kwa raha.

"Mkate mtamu huu. Umeutoa wapi, kijana?"

"Pale ukumbini, baba, kwenye msumari. Ulikuwa mkavu kama jiwe, nikauloweka. Kwetu chakula hakitupwi."

Kijiko kikamponyoka. Devika akaziba mdomo kwa mikono miwili, na mtu akazima muziki. Ergash alikimbilia ukumbini. Msumari ulikuwa mtupu, na kitambaa kimekunjwa vizuri juu ya kiti. Mkate wa mwanawe ulikuwa tumboni mwake.

"Umenifungia njia ya mwanangu!" alirudi akipiga kelele, mkono juu.

"Baba, sikujua! Haki ya Mungu sikujua!" Jobin alikuwa keshapiga magoti.

Sanobar akaudaka ule mkono.

"Mwache mtoto wa watu, baba Murod. Murod hakuuma mkate ule."

"Nini?"

"Nilimpa, akakataa. Akasema, baba hata kuniaga hatoki, niume mkate wa nini? Akapanda teksi. Niliuuma mimi. Niliona usipokuta alama ya meno, hutalala tena."

Miaka mitatu Ergash alikuwa akijifariji kwa meno ya mkewe, na mwanawe hakuwa amemwahidi kitu. Aliketi chini palepale, kati ya wageni waliosimama. Alikuwa na hofu, na aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Simu," alisema mwishowe.

"Ya nini?"

"Nipe simu yako, mama Murod. Nampigia Murod."

Iliita muda mrefu.

"Mama?" ikasema sauti ya kiume, nzito kuliko alivyoikumbuka.

"Siyo mama."

Ergash akafuta uso kwa mkono wa shati.

"Mkate tumeula, mwanangu. Umekwisha. Njoo nyumbani. Safari hii utanikuta nje, mlangoni."